Tembo, Mikia na Mizabibu: Safari Yangu ya Kwanza Msalato

Nilipanda treni ya SGR Dar es Salaam asubuhi na mapema, Septemba 2024, nikiwa na begi la nguo, bunda la karatasi za manila na boksi la vitabu vya watoto lililofungwa kwa kamba ya katani. Nilikuwa sijawahi kufika Dodoma. Sisi wa Tanga huisikia Dodoma wakati wa Bunge na kuionja kwenye zabibu, basi. Aliyeniita ni mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye sasa anafundisha shule moja ya msingi huko Msalato, kilomita 12 hivi kaskazini mwa mji kwa barabara ya Arusha.

Shida yake alikuwa amenieleza kwa simu bila kuzunguka. Watoto wake wa darasa la nne wanasoma. Sauti zinatoka, vituo wanavizingatia, silabi haziwababaishi. Lakini akiwapa ngano ya Sungura na Fisi, kisha akawapa maelezo ya namna mvua inavyopatikana, wanavisoma vyote kwa mwendo mmoja na kuvijibu kwa mtindo mmoja. Fisi anayeongea hawamfurahii, na kiasi cha mvua hawakihoji. "Dada, wanasoma maneno, ila hawajui wameshika kitu gani," aliniambia. "Njoo tukae nao."

Nilikubali kwa sababu shida hiyo naijua tangu nianze kushika chaki. Kwenye vitabu na mitihani yetu karibu kila kifungu cha ufahamu hutanguliwa na agizo lile lile, kwamba mwanafunzi asome habari ifuatayo kisha ajibu maswali. Ngano ni habari, maelezo ya malaria ni habari, maisha ya nyuki ni habari. Maswali nayo ni yale yale, na aghalabu mojawapo huuliza kichwa cha habari kinachofaa. Mtoto anayepita humo mwaka baada ya mwaka anajifunza kwamba kusoma ni kuwinda majibu ndani ya mistari, na kwamba mistari yote ni sawa. Mtoto wa namna hiyo anaweza kufaulu. Msomaji bado hajawa.

Treni hii ilikuwa imeanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai mwaka huo huo, kwa hiyo behewa zima lilikuwa na shamrashamra za upya. Watu walipiga picha madirishani, na tulipoingia kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa watoto walishangilia kila giza lilipotufunika. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa anarudi nyumbani baada ya kumtembelea binti yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza naelekea wapi. Nilipotaja Msalato na kazi iliyonipeleka, uso wake ulichangamka. Akasema kama ni mambo ya hadithi, basi nisingoje kufika.

Nje ukijani ulikuwa umeshaisha. Udongo ulikuwa mwekundu, vichaka vimekauka, mibuyu imesimama mmoja mmoja bila jani hata moja. Mzee alisogea mbele ya kiti akaanza. Zamani, tembo alitoka porini, kiu imemshika. Akatembea, akatembea, akafika kwenye kijito cha Kikuyu. Akanywa. Akasogea tena, miguu ikaingia kwenye tope. Akajivuta, akazidi kuzama. Wenyeji wakaja, wakamkuta ameshadidimia, hawakuwa na la kumfanyia. Wakasema kwa lugha yao kwamba amezama, na mahali pale pakabaki na jina hilo, Dodoma. Alipofika kwenye kuzama sauti ilishuka, na mkono wake uliokuwa mkonga ukaanguka polepole hadi kwenye goti.

Nikamuuliza kuhusu reli ya zamani, ile ya Wajerumani. Hapo mzee akawa mtu mwingine. Aliegemea kiti, akanyoosha vidole, akaanza kuhesabu. Ujenzi ulianza Dar es Salaam 1905. Dodoma reli ilifika 1910, Kigoma 1914. Njia ile ina upana wa mita moja, hii mpya ni mita moja na sentimita arobaini na tatu na ushee, na huendeshwa kwa umeme. Alisema hayo bila kupandisha wala kushusha sauti, na nilipotaka kuhakikisha mwaka wa Kigoma hakukasirika. Alirudia, akaniambia niangalie na kwenye vitabu.

Nilitoa daftari nikaandika. Mzee huyu hajapita chuo cha ualimu, lakini anajua kabisa ni lini anasimulia na ni lini anaarifu, na Kiswahili chenyewe kinajua. Kwa tembo, vitenzi vilifuatana vikiwa na -ka-: akafika, akanywa, akajivuta. Kwa reli zilikuja *ina*, *ni*, *huendeshwa*. Watoto wetu wanazaliwa ndani ya tofauti hiyo. Wanaisikia kwa bibi akisimulia jioni, na kwa bibi yule yule asubuhi akieleza jinsi ya kuchagua mbegu za uwele. Hawaji shuleni wakiwa hawajui. Sisi ndio tunaoiua kwa kugeuza kila kitu kifungu cha mtihani. Hilo ndilo nililoshuka nalo kwenye treni, na kila nilichokiona Msalato kilinizidishia imani hiyo.

Kabla ya mji tulipita Ihumwa. Nilisogea dirishani, kwa kuwa huko ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917. Nchi nzima inamkumbuka kwa ngonjera, na vitabu vyake vya ngonjera vilianza kutoka 1970, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Lakini Mnyampala huyo huyo alikuwa ameshaandika historia na mila za Wagogo, kitabu kilichotoka 1954, kinachoeleza koo zilikotoka na desturi zilivyokuwa. Mkono mmoja, na msomaji hapati taabu kujua ameshika kitabu kipi. Nilijiambia jina lake lazima litajwe darasani, tena kwa watoto wanaoweza kufika kijijini kwake na kurudi siku hiyo hiyo.

Daladala ya Msalato ilitupitisha katikati ya mji unaojengwa kila upande. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa 1973, na ukikaa dirishani unaona kama umefanywa juzi: matofali, kokoto, vijana wa bodaboda wakipenya katikati ya malori. Ukitoka mjini, vilima vya mawe vinajitokeza, mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga. Kisha Msalato. Kuna shule ya sekondari ya wasichana inayojulikana nchi nzima, kuna chuo cha theolojia cha Waanglikana kilichoanza 1961, kuna uwanja wa mnada, na wakati huo kulikuwa na uwanja wa ndege wa kimataifa uliokuwa unajengwa, uliowekewa jiwe la msingi 2022. Mwenyeji wangu alinipokea kituoni. "Karibu dada, pole na safari." Usiku tulikula ugali wa uwele na mlenda, upepo ukipiga bati, tukapanga kazi.

Asubuhi, mstarini, watoto walinipokea kwa ngonjera. Msichana alikuwa mtetezi wa miti, mvulana alikuwa mchoma mkaa. Walirushiana beti, huyu akisema njaa haingoji, yule akimwuliza kivuli atakipata wapi, mpaka mchoma mkaa akasalimu amri na wote wawili wakainama kwa pamoja. Ngonjera ile ilitusumbua baadaye, nitaieleza.

Darasa lilikuwa limejaa, watatu watatu kwenye madawati na wengine wanne. Mwenyeji wangu alikuwa ameshafunga kamba mbili ukutani, moja kila upande wa ubao. Ya kushoto ni ya hadithi, ya kulia ni ya taarifa, na kila kitakachosomwa kitatundikwa kwa kibanio cha nguo mahali darasa litakapokubaliana. Kabla hatujaanza alinivuta pembeni akanionya jambo moja: tusifundishe kwa kweli na uongo. Yeye alikuwa amewahi kuona somo hili likifundishwa hivyo, kwamba hadithi ni za uongo na taarifa ni za kweli, na binti mmoja akauliza, "Kwa hiyo bibi yangu ni mwongo?" Mtoto yule hakuleta tena hadithi ya nyumbani.

Onyo lile nimelibeba hadi leo. Si kwamba kweli haina maana. Lakini taarifa inaweza kukosea na bado ikabaki taarifa, taarifa mbovu inayopaswa kusahihishwa. Na hadithi inaweza kubeba ukweli mzito kuliko ripoti. Shaaban Robert aliandika *Kusadikika*, nchi inayoelea angani, ambayo hakuna atakayeiona kwenye ramani, na humo akazungumzia haki na utawala kwa namna ambayo mkoloni asingependa kuisikia waziwazi. Huyo huyo akaandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki 1950, mtu aliyeonekana na kusikika na waliokuwa hai. Kusadikika hatuulizi iko latitudo gani. Siti tuna haki ya kuuliza alizaliwa wapi na alirekodi nini. Mwandishi ametoa ahadi mbili tofauti, na mtoto anayejua kusoma anajua ni ipi aliyopewa.

Tulitundika manila mbili ubaoni bila kusema ni za aina gani. Moja ilikuwa tembo wa Kikuyu, kama alivyonipa mzee wa treni. Nyingine ilikuwa maelezo mafupi ya hali ya hewa: kwamba Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwamba hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, na kwamba mvua hiyo kwa mwaka haizidi sana milimita 600. Tulizisoma kwa sauti, kisha mwalimu akauliza swali moja tu. "Mkitaka kuhakikisha haya, mtakwenda wapi?"

Kwa mvua mikono ilinyanyuka. Kwa watu wa hali ya hewa. Kwenye redio. Mvulana wa dawati la mbele akasema aweke kopo nje mvua inyeshe, halafu apime kwa rula. Mwalimu alimsimamisha, akamwambia arudie polepole ili wote wasikie, maana ndivyo hasa mvua inavyopimwa, na kifaa cha wataalamu ni ndugu wa kopo lake. Kwa tembo palikuwa kimya kwanza. Kisha mmoja akasema, "Kwa babu." Na mwingine akadakia kwamba babu yake yeye hasemi tembo, anasema ng'ombe.

Basi tukaipata hadithi ya pili, ambayo Dodoma inajulikana kama ile ya kwanza. Vijana wa Kigogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja, wakawala, wakabakiza mikia. Wahehe walipokuja kuwatafuta mifugo wao, walikuta mikia imechomekwa kwenye tope. Wenyeji wakawaambia, jamani, ng'ombe wenu wamezama. Darasa liliangua kicheko. Yule mtoto alikuwa ameisikia kwa Kigogo, na alipoigiza Mhehe akivuta mkia na mkia ukitoka peke yake, hata mimi nilishindwa kujizuia.

Swali likaja lenyewe: ipi ndiyo? Mwenyeji wangu hakukimbilia kujibu. Aliwarudisha kwenye mvua. Kama manila moja inasema msimu mmoja na nyingine inasema misimu miwili, je? Wakasema moja imekosea. Zote haziwezi kukaa? Hapana. Na tembo na mikia? Wakatazamana. Msichana mmoja, mpole, wa dawati la nyuma, akasema zote zikae, kwa sababu ya tembo inasikitisha na ya mikia inachekesha, na mtu anaweza kutaka yoyote kulingana na siku yake. Nimesoma vitabu vya mbinu za kufundishia ambavyo havijanipa jibu kama lile. Taarifa mbili zinazopingana, moja lazima ianguke. Hadithi mbili zinazopingana zinaishi nyumba moja. Mtoto wa miaka kumi aliligundua hilo, sisi tulichofanya ni kumpa nafasi.

Tulipoingia kwenye lugha, tuliwaambia wapige kofi moja kila wasikiapo -ka- ya kufuatisha matendo, na wanyooshe kidole kila wasikiapo hu-. Tembo alipigiwa makofi mfululizo. Maelezo mengine tuliyoandaa, ya mzabibu, yalipata vidole vitupu: hupandwa, hupogolewa, huvunwa. Walifurahi, na kulikuwa na hatari ya kuondoka na kanuni nyepesi mno. Kwa hiyo mwalimu akasoma kipande cha historia alichokiandika mwenyewe, kwamba Wajerumani walianza reli Dar es Salaam 1905, wakafika Morogoro 1907, wakafika Dodoma 1910. Makofi yakalia, na wengi wakapiga kelele kwamba ni hadithi. Yule msichana mpole akakataa. Mna makofi, alisema, lakini mna miaka, na miaka inaweza kuangaliwa. Manila ikaenda kamba ya kulia.

Sentensi iliyofuata kwenye manila ile ile ilileta ugomvi mwingine. Ilisema reli mpya imejengwa kutoka Morogoro hadi Makutupora. Mvulana mmoja akasimama kabla hajaitwa. "Mwalimu, Makutupora hakuna reli. Mimi mjomba wangu anakaa Makutupora." Alikuwa sahihi, na sentensi ilikuwa sahihi pia. Makutupora ziko mbili. Moja iko Manyoni, mkoa wa Singida, ndiko kipande kile cha reli kinakoishia. Nyingine iko hapa jirani, kaskazini mwa Msalato, penye visima vinavyoinywesha Dodoma maji na penye kituo cha utafiti wa zabibu. Mwalimu alichukua kalamu, akaongeza maneno mawili baada ya jina: "wilayani Manyoni". Nilipenda kwamba hakuipuuza hoja ile wala hakumkalisha mtoto. Hadithi ingeweza kusema tu kwamba palikuwa na mahali panaitwa Makutupora, na ingetosha. Taarifa inamlazimisha mwandishi aseme ni Makutupora ipi, kwa sababu kuna mtu atafunga safari kwa kuitegemea.

Kuhusu mzabibu, mwenyeji wangu alikuwa ameficha kosa makusudi. Kati ya sentensi nyingi za kweli aliweka moja inayosema mzabibu hupandwa kwa mbegu. Hakusema kitu. Tukatoka na darasa hadi shamba la mzazi mmoja, mwendo mfupi kutoka shuleni. Watoto walimwamkia kwa Kigogo, mama akawaitikia akiwa ameshika mkasi wa kupogolea. Ilikuwa wakati wa mavuno, kwani Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, na vishada vyeusi vilining'inia kwenye waya chini ya majani yaliyojaa vumbi. Kila kikundi kilikuwa na nakala ya maelezo na penseli ya kutia vema au mkasi. Walipofika kwenye mbegu, mama alikata tawi lililokomaa, urefu wa kiganja na zaidi kidogo, akawaonyesha macho yake moja moja kwa ncha ya mkasi, akalichomeka kwenye udongo wenye unyevu, akabana kwa kidole gumba. "Hivi," alisema. "Ukingoja mbegu utazeeka." Penseli zote zilitia mkasi mahali pamoja. Niliona kwenye nyuso zao furaha ambayo sijaizoea kwenye somo la ufahamu: wamekamata maandishi yamekosea, na wana ushahidi.

Kuna jambo lazima niliseme kuhusu vitabu. Nilipopanga vya boksi langu mezani, hadithi zilifunika meza. Tunao waandishi na miradi ya kushukuriwa, Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ukiwa mmojawapo, ulioanza 1991, na bila kazi hiyo watoto wengi wasingekuwa na kitabu cha Kiswahili cha kusoma kwa raha. Lakini vya taarifa katika boksi langu vilikuwa vichache kiasi cha kushikika kwa mkono mmoja. Kitabu cha nyuki kwa mtoto wa miaka kumi, chenye picha, vichwa vidogo na faharasa, kwa Kiswahili kinachoteleza, si rahisi kukipata nje ya kitabu cha kiada. Tukimpa mtoto hadithi peke yake na kuacha taarifa zije na mtihani, anajifunza kwamba hadithi ni burudani na taarifa ni adhabu. Waandishi wetu watuandikie hivyo vingine. Wasomaji wapo.

Walimu wa pale hawakusubiri. Watoto waliambiwa walete kutoka nyumbani maandishi yoyote ambayo si hadithi. Zikaja risiti za LUKU, pakiti ya mbegu za alizeti, kadi ya kliniki ya mdogo wake mtu, tiketi ya basi la Kondoa, na kikasha kitupu cha dawa ya minyoo ya mbuzi. Kikasha hicho ndicho kilichotuchukulia kipindi kizima. Kina jina la dawa, kipimo kulingana na uzito wa mnyama, tarehe ya mwisho wa matumizi, na onyo kuhusu muda wa kungoja kabla ya kula nyama. Mwalimu aliuliza tukisome kuanzia wapi. Hadithi husomwa kuanzia mwanzo. Hapa mtoto mmoja alisema aanze na kipimo, mwingine na tarehe, na yule wa tarehe akashinda kwa hoja kwamba ikiwa imepita, mengine hayana kazi. Humu ndimo umuhimu wa somo hili ulipo, katika familia inayofuga. Anayejua kwamba maandishi fulani hayasomwi kwa mfululizo, bali huendewa mahali panapohitajika, anaweza kumwokoa mbuzi na mlaji wake.

Ngonjera sasa. Watoto waliiandika kwenye manila, na ikaja zamu ya kuitundika. Wengine walisema kulia, kwa sababu ni kweli ukikata miti ardhi huharibika. Wengine kushoto, kwa sababu mchoma mkaa yule hayupo na hakuna anayegombana kwa vina. Mwenyeji wangu alikuwa upande wa kulia: ngonjera, alisema, tangu kwa Mnyampala ilikuwa chombo cha kufikisha ujumbe kwa wananchi, na Ujamaa wenyewe ulipita humo kwenda mashuleni. Mimi nilikuwa kushoto na bado niko huko. Ujumbe unaweza kuukagua peke yake, lakini kilichomfanya mtoto anyamaze na kusikiliza ni watu wawili wa kubuni na mizani ya beti, na hiyo ni fasihi. Tulibishana mbele yao kwa heshima, na naamini ilikuwa vema waone walimu wawili wakitoa sababu bila mmoja kumnyamazisha mwenzake. Hatukuafikiana. Kila mapumziko yalipokwisha tulikuta manila ile imehamishwa kamba.

Jumamosi ilikuwa mnada. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa mnada wa Msalato, lakini kwangu ulikuwa mgeni. Ng'ombe wanaingia na vumbi lao, mbuzi wamefungwa miguu, wanunuzi wanabonyeza mbavu na kutazama meno. Upande mwingine nguo za mitumba zimetandazwa chini, sandali za matairi, sufuria, dawa za mifugo. Moshi wa nyama choma umetanda, na magari kutoka mjini yamejaa watu waliokuja kwa nyama tu. Watoto wetu walikuwa humo na daftari zao. Nusu walipewa kazi ya kuandika taarifa ya mnada, nusu hadithi iliyotokea mnadani, na kila mmoja alijua zamu zitabadilishwa wiki inayofuata.

Jumatatu walisoma mbele ya darasa. Mvulana wa kopo la mvua alikuwa na taarifa. Ilianza vizuri: mnada hufanyika Jumamosi, wafugaji huleta mifugo, wanunuzi hutoka mjini na vijijini. Kisha akasoma kwamba mbuzi wote huuzwa.

"Wote?" sauti iliuliza. "Umejuaje?"

"Nimeona."

"Wa kwetu tulirudi naye."

Ilikuwa sauti ya yule msichana wa dawati la nyuma. Mvulana alimtazama mwalimu, mwalimu akatazama daftari, na mvulana akafuta neno akaandika *wengi*. Hawakumwachia hapo. Wengi ni wangapi? Aliwahesabu? Alisimama wapi? Alijibu alichoweza.

Ikaja zamu ya msichana. Alikuwa ameandika hadithi, na ilikuwa ya mbuzi huyo huyo wa kwao. Mbuzi alipelekwa mnadani, mnunuzi akamshika mbavu, akamtazama meno. Mbuzi naye akamtazama mnunuzi meno, akamwambia, wewe nawe umezeeka, ukininunua nani atanichunga? Darasa zima lilikuwa limeinama mbele. Hakuna aliyemwuliza amejuaje. Alipofika mwisho wa ukurasa akanyamaza kwa sababu hakuwa ameandika zaidi, wakamwuliza kwa pamoja, "Ikawaje?"

Kengele ililia. Mwalimu alimwambia mvulana arudi mnadani Jumamosi, akae karibu na njia wanakoingilia mbuzi, achore mstari kwa kila anayeingia, na mwingine kwa kila anayetoka na mwenye wake wa asubuhi. Akampa mwenzake wa kumsaidia, ili hesabu zao zilinganishwe. Msichana hakupewa kitu cha kuhesabu. Aliambiwa amalize kabla ya Alhamisi, kwa kuwa darasa linataka kujua mnunuzi alijibu nini.